Minyoo Bapa, Kabula na Mimi

Mume wangu mpenzi, Masanja wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa upande wako wa kitanda, hapa Kasoli, Bariadi, maana mto wako bado unanukia wewe. Ndoa yetu bado mbichi hivi, na tayari wewe uko Mwanza!

Unakumbuka ile wiki baada ya harusi? Wenzangu hutembezwa mjini. Mimi ulinipeleka kijitoni. Ukafunga kipande cha ini kwa uzi, ukakitumbukiza chini ya jiwe, nami nilidhani ini lile ni la kukaanga! Wakaja minyoo bapa, wembamba kama jani. Ukanishikia lenzi, nikaona vijicho vyao vya makengeza, nikakupenda upya palepale.

"Mdomo wake uko tumboni," ukaniambia.

"Sasa anambusuje mwenzake?"

"Maskini, hajui anachokosa," ukasema, na wewe ukanionyesha anachokosa.

Siku ile minyoo walikuwa wetu wawili. Halafu akaja Kabula.

Najua ni mwenzako wa kazi, anachunguza minyoo haohao kule Nyalikungu, Maswa. Ulinieleza vizuri: wewe unaandika koromeo, yeye anaandika koo, wa Mwanza wanaandika mrija, na kiungo ni kilekile kimoja. Mkiunganisha taarifa zenu, kompyuta inahesabu viungo vitatu. Ndiyo maana lazima mkubaliane jina moja. Nimeelewa, mpenzi. Lakini simu zile za jioni!

"Kabula, hilo siyo koo, bwana!"

"Kwenu Bariadi siyo. Huku Maswa ni koo, na utanikoma!"

Mnacheka mpaka unafuta machozi, nami nasonga ugali nikiwa sijui cha kuchekea. Niliolewa nawe kwa maneno yako matamu, sasa naona matamu zaidi yanaenda kwenye koromeo la mnyoo.

Sasa mmeitwa Mwanza wote wawili, na jana ukanipigia: wakubwa wenu wanataka wewe na Kabula mbaki huko mpaka pamba iishe kuvunwa, mmalize orodha ya majina. Ukasema, "Ukikataa, narudi. Sema wewe."

Nikakujibu nina usingizi, nikakata simu. Leo mama yako ameniona nimejiinamia shambani. "Mayu, mama yangu, una nini?" Nikamwambia ni mgongo, pamba imenichosha. Dada yangu alipouliza, nikasema ni joto. Mama yako akanichemshia maji ya kukanda mgongo, dada akaniletea maji ya baridi, na wewe, naamini, ulizima simu ili nilale. Wote mlinihurumia, na hakuna aliyenifaa kitu.

Nikiwa nimekaa na maji yangu ya moto na ya baridi, ndipo nikaielewa kazi yako kuliko siku ile ya lenzi. Kitu ni kimoja. Nimekipa majina matatu, basi nani atanisaidia?

Jina lake ni wivu, Masanja. Liandike hivyo, na nikikuambia tena usingizi, lisome hivyo.

Baki umalize orodha yako, sikukatazi. Lakini Jumamosi panda basi uje, kila Jumamosi. Na Kabula akipiga jioni ukiwa hapa, weka sauti ya juu nami nisikie. Koo au koromeo, na mimi nina la kusema.

Ini nimeshanunua. Hili ni la kukaanga.

Nakupenda mpaka naona aibu,

Mkeo