Sukari Niliyokuficha

Kalemie, Jumamosi asubuhi

Kalunga, ndugu yangu,

Ni mimi Musafiri, jirani yako wa ng'ambo ya barabara. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike, na sijui kwa nini nimekawia hivi kukuandikia. Hapana, najua. Niliogopa. Miaka yote ile nilikuwa karani wa mizigo pale stesheni, nimeandika barua za kila namna, lakini hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Kiti chako kiko barazani bado. Mama Ziada, mke wako, hajakiondoa. Nikifungua dirisha asubuhi nakiona, basi nageuka upande mwingine. Juzi gari moshi la Kabalo liliingia, limechelewa kama kawaida yake, na injini ilikuwa inakohoa vibaya. Wewe fundi wa injini ungesikia mara moja ungejua ugonjwa ni wapi. Mimi nilisimama dirishani nikakosa wa kumwambia. Tangu mke wangu atangulie, wewe ndiye uliyekuwa ukiniuliza nimelalaje. Siku hizi hakuna anayeuliza, na silali vizuri.

Nilitaka kukuambia habari ya kahawa.

Unakumbuka siku uliyotoka hospitali, walipokuambia una ugonjwa wa sukari na uiache kabisa. Ulikaa ukakitazama kikombe chako kwa chuki. Wewe uliyekuwa ukitia vijiko vinne, kisha cha tano unakiita cha kuonja. Nilikuonea huruma, maneno yakanitoka kabla sijayafikiria: "Kama weye unaacha, na miye naacha." Hakuna aliyenituma. Ukanishika mkono, ukakaa nao muda mrefu.

Na tulihangaika, Kalunga. Kwanza ilikuwa asali ya Kirungu, ile nyeusi yenye harufu ya moshi, ambayo shemeji yako aliileta kwenye bidoni, lile dumu la njano. Ulisema asali ni dawa, dawa haina kipimo, ukatia vijiko vitatu vilivyojaa. Ulinifundisha nisiitie kwenye kahawa inayochemka, nisubiri mpaka kikombe kishikike kwa kiganja, ndipo harufu ya asali ibaki. Ilikuwa tamu kweli. Muuguzi aliposikia alishika kichwa kabisa: "Papa, asali nayo iko sukari vilevile." Ulimnunia wiki nzima.

Vikaja vile vidonge vya utamu kutoka Kigoma. Utamu unaanza vizuri, kisha mdomo unabaki kama umelamba ufunguo. Tukajaribu tende, ukazichemsha pamoja na kokwa zake. Tukajaribu ndizi mbivu ya kuponda, kahawa ikawa uji, hata kuku wa Mama Ziada walipita wakaiacha. Siku moja nilikukuta unatafuna muwa, unakunywa funda la kahawa, unatafuna tena. Nikakukaripia. Ukanijibu bila aibu: "Muntu hanywi muwa, anakula. Daktari alikataza kunywa." Nilicheka mpaka machozi. Mwisho muuguzi akakuruhusu nusu kijiko cha asali kwa siku, nawe ukawa unakisawazisha kwa kisu, taratibu, ulimi umetoka nje. Kikombe cha asubuhi kilipata hiyo nusu. Vingine vyote ulivinywa vichungu.

Sasa sikiliza. Mimi sikuacha.

Niliweza wiki mbili. Wiki ya tatu nilianza kunywa chai nyumbani kabla ya kuja kwako, vijiko vitatu, nafuta sharubu, navuka barabara. Baadaye nikazidi. Nilifunga sukari kwenye karatasi nikaitia mfuko wa shati, na ukiingia ndani kufuata kitu, naimimina kwenye kikombe changu nakoroga kwa kidole. Siku ile uliponiona na sisimizi kifuani nilisema wametoka ukutani. Ukanifuta shati kwa mkono wako mwenyewe. Uliniamini, ukasema ukuta huo utaupiga dawa, na kweli ukaupiga.

Karibu miaka miwili tulikaa hivyo. Kila ulipokunja uso kwa uchungu ulinitazama, na mimi nilikunja wangu.

Halafu kidonda cha mguu kikakataa kupona. Siku ya mwisho niliyokukuta unaweza kuzungumza, uliniambia: "Asante ya kuacha sukari na miye. Miye peke yangu singeweza." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili tu chumbani. Nikasema, "Pumzika." Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Uliacha peke yako, ndugu yangu, na mimi nimekaa pale pale, magoti yetu yanagusana.

Usidhani liliishia hapo. Kwenye matanga Mama Ziada alisimama mbele ya watu akaeleza habari yetu. Watu walikuja kunishika mkono. Padri akaitaja kwenye mahubiri, nami nikaangalia viatu vyangu. Kisha, kuanzia siku ile tulipoanua matanga, Mama Ziada akawa anavuka barabara kila asubuhi na termosi yake nyekundu ya kahawa. "Hii haina sukari, Papa Musafiri. Najua njo vile mumezoea." Anaketi kidogo, ananipa habari za watoto, anaondoka. Huyo ndiye mgeni wangu wa pekee kwa siku nzima. Nitamwambiaje? Nikawa naiongezea sukari akishatoka.

Jumatatu hii alikuja na jambo. Dada yake wa Kabalo naye ameambiwa ana sukari, na amekata tamaa. Mama Ziada akaomba mimi, kwa kuwa ni mtu wa kalamu, nimwandikie kumtia moyo, nimweleze jinsi wewe na mimi tulivyoweza. Akaniwekea hata karatasi mezani.

Nilishindwa, Kalunga. Nikamwambia yote pale pale, mpaka na sisimizi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema tu, "Sawa, Papa," akachukua termosi yake, na kahawa imo ndani bado.

Jumanne hakuja. Jumatano hakuja, wala Alhamisi. Nilikaa nimevaa shati safi hadi saa nne. Sikujua nyumba yangu ina ukimya mwingi hivi.

Jana nilifungua mlango nikakuta termosi kizingitini, yeye hayupo. Nilifurahi mno, nikamimina. Nikanywa. Ilikuwa na sukari. Sukari nyingi, kama anavyompikia yeyote anayepita kwake kusalimia. Hakunitukana, hakuninyima kahawa. Alinipa ile ya wageni. Nikaimaliza yote nikilia, mzee mzima, kwa sababu ilikuwa tamu.

Nisamehe. Sitakuahidi kuacha sukari, maana nimekudanganya vya kutosha, na mtu wa umri wangu anajijua. Ninachokuahidi ni hiki. Barua ya Kabalo nimeiandika leo kabla ya hii. Nimemwambia yule dada kwamba shemeji yake aliweza, nusu kijiko kwa siku, kimesawazishwa kwa kisu, na kwamba rafiki aliyekuwa kando yake hakumsaidia. Nimetia jina langu chini. Kesho baada ya misa nitavuka barabara kumpa Mama Ziada aisome kabla haijaenda, kisha nitamwomba kikombe kisicho na sukari, nikinywe mbele yake. Akikataa, nitarudi Jumatatu.

Lala salama, Kalunga. Mimi nipo.

Musafiri