Kwa Mama Mwanvua, Aliyerudi na Majembe Mawili

Mwaka umezunguka, mama, tangu tulipokurudisha kwa Mola wako hapa mtaani kwetu Alunguli, na bado Sifa, kifunguamimba wako, akisikia hatua nyuma ya nyumba huacha chungu motoni akasikiliza. Woga huo aliunyonya kwako.

Ulikuwa fundi wa kushona, mwenye mkono mwepesi. Nguo za Idi za nusu ya mtaa zilipita kwenye cherehani yako, na za yatima ulianza nazo. Lakini hukukaa hata siku moja ukaupa mlango mgongo. Sahani ikianguka, ulikuwa chini ya meza kabla vipande havijatulia. Kisha ulitoka, ukanyoosha kitenge chako, ukasema, "Hakuna kitu, wanangu. Mukule."

Tulidhani ndiyo tabia yako tu. Mwaka wako wa mwisho ndipo ulipotuketisha, baba akiwapo, ukatuambia habari za Florentin.

Alikuwa mchumba wako mwaka 2002, fundi wa baiskeli. Mji ulikuwa umezingirwa na njaa ilikuwa imeingia kila nyumba. Mchana mmoja mkathubutu kwenda shamba kuchimba mihogo. Watu wenye bunduki wakatokea. Wewe ulikuwa umeinama kwenye majani marefu. Ukalala palepale, udongo mdomoni. Ukasikia wakimuuliza, "Uko na nani?"

Akajibu kwa sauti kubwa, ili uisikie: "Niko peke yangu. Hakuna muntu mwingine huku."

Wakamtwika mizigo yao, wakaondoka naye. Hakurudi tena.

Mama yake alipokuja kuuliza, ulimwambia siku ile hukwenda shamba. Uliogopa watasema ulinyamaza mpaka mtoto wao akachukuliwa. Hata baada ya kuolewa na baba, miaka ishirini na zaidi, ukimwona Béatrice, dada yake Florentin, sokoni, uliacha ulichokuja kununua ukageuka njia.

Ulipomaliza kutuambia, baba alisimama akavaa viatu vyake. Alisema tu, "Twende kwa Béatrice. Nitakusindikiza."

Mkavuka mto kwenda mtaa wa Kasuku, Sifa akiwafuata. Mlangoni kwa Béatrice uligeuka kurudi. Baba alikushika mkono. Béatrice alikusikiliza mpaka mwisho.

"Tulijua, dada," akasema. "Siku ile ulipita mbele ya nyumba yetu ukirudi na majembe mawili, lako na lake. Mama aliona. Mbele ya kufa alituachia neno: siku Mwanvua atakuja, musimuulize kitu. Mumupe kiti."

Ukakaa. Ukalia kama mtoto.

Hatutadanganya, mama: woga haukukutoka. Sahani ziliendelea kukuangusha chini ya meza. Ila ulianza kulitaja jina la Florentin mbele yetu, na siku moja ulicheka ukikumbuka alivyopiga mluzi vibaya akitengeneza magurudumu. Kicheko kile hatukuwahi kukisikia kwako.

Sasa redio inataja tena vijiji na barabara zilizotekwa. Majirani wawili wamefunga mizigo. Sifa amepanga viatu vya watoto karibu na mlango, na hatukumuuliza kwa nini. Tunaogopa, mama. Tunajua ungetuambia tusiogope, huku wewe mwenyewe ukiogopa kuliko sisi wote.

Wiki iliyopita Béatrice alikuja kwetu. Aliuliza, macho chini, kama jina la kaka yake lingeweza kuandikwa katika kumbukumbu hii yako, kwa kuwa hana kaburi. Sote tukamtazama baba.

"Muliandike," akasema. "Na muliweke karibu na la mama yenu."

Wanaokukumbuka ni mume wako Soudi. Wanao Sifa, Twaibu na Latifa. Wajukuu zako wote. Na Béatrice, ambaye sasa tunamwita shangazi.

Mwanvua na Florentin, popote tutakapokimbilia, majina yenu tutakwenda nayo.