Majibu ya Damu ya Shangazi Šarika

Gornja Lipnica,
Prekmurje, Slovenia.
16 Januari 2022

Mpendwa kaka Geza,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani? Noreen na mabinti hawajambo? Na mgongo wako je, ule uliokulaza wiki nzima mwezi wa Oktoba? Nasikia huko Geelong, Australia, jua linachoma sasa. Huku theluji imefika kwenye madirisha ya chini na bomba la uani limeganda. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayaona ukiendelea kusoma.

Nianze na mazishi, maana kwenye simu ya mchungaji hukuona zaidi ya miavuli. Tulikuwa watu tisa. Shangazi, mama yako, amelazwa kushoto kwa baba yako, kama alivyotaka. Lile gauni la buluu ulilosema avishwe, hakuvishwa. Hawakuruhusu mtu yeyote kuufungua ule mfuko wa maiti aliotiwa. Nililipiga pasi, nikalikunja, nikamwomba mhudumu wa mazishi aliweke juu ya mfuko kabla hajafunga jeneza. Siku ile nilikuambia kavaa. Hakuvaa.

Na si hilo tu, Geza. Mara mbili umeniuliza kwenye simu: mtu aliyekwisha kuugua korona akapona, mtu mliyesema ana kinga, ilikuwaje afe nayo? Mara zote mbili nilikujibu kwamba ni mapenzi ya Mungu na uzee. Nilikuwa nakukimbia. Sasa naandika, kwa sababu kwa simu ungenikatiza, au ningelia, na mambo yangeishia hapo.

Unakumbuka Novemba ya mwaka 2020, ugonjwa ulipoingia kwetu kwenye nyumba ya wazee. Tulipoteza ishirini na mmoja kati ya sitini na wanne. Mama yako alikohoa siku nne, ya tano akaomba supu ya maboga, ya sita akalalamika kwamba supu haina chumvi. Tukajua amepona.

Januari wakaja watafiti kutoka Ljubljana na masanduku yao ya barafu. Walichukua damu ya kila aliyebaki, wazee na sisi wahudumu, wapate kujua kinga hukaa mwilini muda gani kwa watu wa umri ule. Ya mama yako ilitoka juu kuliko yetu sote. Daktari akamtania: "Bibi, hii damu ni ya farasi."

"Farasi yupi?" akauliza. "Kama ni yule wa Kalman aliyekuwa akichechemea, basi nimekwisha."

Kalman mwenyewe alikuwa amekaa meza ya pili. Unamjua, yule jirani yenu wa mti wa jozi mpakani. Wamegombania jozi zile tangu wewe hujaanza shule, halafu uzeeni wakajikuta ukumbi mmoja, milango mitatu kati yao. Akajibu palepale: "Farasi wangu alichechemea kwa sababu ya kulisikia domo lako kila asubuhi."

Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Bibi Kinga, na jina likamkaa vizuri mno. Chanjo ilipokuja walianza kuchanjwa wale ambao hawajaugua, yeye akaambiwa asubiri. Zamu yake ilipofika, akasema apewe mwingine. Nilimbembeleza, ila nilimbembeleza nusunusu tu. Na mimi nilikuwa nimeiamini ile damu.

Mwisho wa Oktoba mwaka jana watafiti wakarudi kuchukua damu mara ya pili. Kabla majibu hayajafika, ugonjwa ukaingia tena. Ilikuwa Jumatano, tarehe 10 Novemba. Ukumbi wa mashariki tukaufunga kwa plastiki nzito yenye zipu katikati, tukawahamishia wagonjwa kumi na wanane huko ndani, Kalman akiwa mmoja wao. Kufika Ijumaa, wahudumu sita kati ya kumi na mmoja walikuwa vitandani kwao. Zamu yangu tulikuwa wawili. Watu kumi na wanane, Geza, na kila mmoja ni wa kulishwa kwa kijiko.

Jumamosi mama yako akaja na kigongo chake hadi kwenye plastiki, akasimama.

"Nifungulie."

"Shangazi, humu hawaruhusiwi wazee."

"Humu wanaruhusiwa wenye kinga. Wewe unayo kidogo kuliko mimi, na umo. Fungua, uji unapoa."

Nilimfungulia mimi. Mkurugenzi alipita, akatuona, akageuza uso akaendelea na safari yake. Nilimvika shangazi gauni la kujikinga na barakoa. Barakoa aliivuta chini ya kidevu kabla hata hajafika kitanda cha kwanza, akisema watu hawawezi kula huku wanamwangalia mtu asiye na mdomo.

Ungemwona ungecheka. Alikaa kwa Kalman zaidi kuliko kwa wote. "Fungua kinywa, au unangoja bendi ipige?" Na Kalman, pumzi ikimkatika: "Mikono yako inanuka jozi zangu." Wagonjwa wale walikuwa hawajacheka siku tatu. Kwa mara ya kwanza wiki ile vyombo vilirudi jikoni vitupu.

Jumatatu, tarehe 15, saa nne asubuhi, majibu ya damu yakaletwa ofisini, nami nikatumwa kuyapanga kwenye mafaili. La mama yako lilikuwa la nane au la tisa. Ile namba iliyokuwa juu kuliko yetu sote ilikuwa imeshuka karibu na sufuri. Chini daktari ameandika kwa mkono: hana kinga ya kutegemea, achanjwe haraka, asikaribie wagonjwa.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni.

Sitakudanganya kwamba nilisahau au sikuelewa. Nilijua. Nilihesabu watu kumi na wanane na vijiko viwili, nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia kesho. Kesho yake Kalman alikataa kula mkononi mwangu, akala kwa shangazi. Nikajiambia, basi akishapona Kalman. Kila asubuhi shangazi alikuja kwenye plastiki, na kila asubuhi nilivuta zipu, na karatasi ipo mfukoni.

Kalman alifariki Jumamosi mchana, shangazi akiwa amemshikia kikombe. Alikiweka kikombe chini, akaniambia, "Kaniachia jozi zote, mpumbavu huyu," akatoka akaenda chumbani kwake, wala hakula chakula cha mchana.

Jumanne, tarehe 23, alikohoa. Kikohozi kile nilikitambua nikiwa mlangoni, kabla sijamwona uso. Tukampima, anao. Nikaketi kitandani kwake nikamwonyesha karatasi. Sikuweza kumtibu huku nimemficha. Aliivaa miwani, akasoma, akaangalia tarehe.

"Ilifika lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Leo ni Jumanne." Akahesabu kwa vidole juu ya blanketi. "Siku nane."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe. Tulikuwa wawili tu, na wao..."

"Nyamaza kwanza." Akavua miwani. "Ungeniambia, labda ningekwenda hivyohivyo. Kalman hakuwa na mtu. Lakini ningekuwa nimekwenda mwenyewe, Ilonka. Sasa wewe ndiye uliyenipeleka."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningejua la kufanya.

Daktari anasema huenda alishaambukizwa siku tatu zile za mwanzo, kabla karatasi haijafika, na kwamba hakuna atakayejua ni siku gani. Labda ni kweli. Nakuandikia maneno yake kwa sababu ni haki yako kuyajua, si kwa sababu yananisaidia.

Siku mbili hakula mkononi mwangu. Akiniona na bakuli aligeukia ukutani, na mwenzangu alipoingia akafungua kinywa. Siku ya tatu mwenzangu naye aliugua, nikabaki mimi. Nikaweka kijiko karibu na midomo yake, akala, macho yakitazama dirishani. Sijui kama ulikuwa msamaha au ilikuwa njaa. Mwenzangu anasema ni msamaha. Mwenzangu hakuwepo.

Baada ya hapo oksijeni, na siku ambazo alikuwa akizungumza na baba yako kuhusu ng'ombe. Tarehe 4 Desemba, kama saa nane mchana, akili yake ilirudi safi kabisa. Aliniuliza huko kwa Geza ni saa ngapi. Nikamwambia ni usiku wa manane. Akasema, "Mwache alale, ana kazi asubuhi." Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuacha ulale. Kabla ya saa kumi alikuwa amekwenda. Kama ungependa kuamshwa, basi na hilo niongezee katika makosa yangu.

Nilimweleza mkurugenzi kila kitu. Alinisikiliza, akasema hakuna anayenilaumu, nisijitwike mambo, na kwamba faili la shangazi limekamilika na limefungwa. Ndiyo maana nimetoa nakala ya karatasi ile. Imo ndani ya bahasha hii, na tarehe ya kupokelewa iko juu kulia. Ukitaka kuipeleka popote panapohusika, ipeleke. Jina langu lote unalijua, nami sitabadilisha neno hata moja kati ya haya.

Nyumba ya wazazi wako iko salama. Madirisha nimeyafunga na maji nimeyakata yasipasue mabomba. Paka amehamia kwangu. Majirani wanauliza kama utauza, nami nawajibu si mimi wa kuulizwa. Kwenye nyumba ya wazee tumebaki na watu thelathini na saba. Ile plastiki tumeitoa, lakini alama za gundi bado zipo ukutani, na wapya wanatuuliza ni za nini.

Msalimie sana Noreen, uwasalimie Danica na mdogo wake, na uwaambie bibi yao alikuwa akizionyesha picha zao kwa kila aliyeingia, hata kwa fundi wa lifti. Mchungaji anakusalimu, na baba yangu pia, ingawa siku hizi anakuchanganya na marehemu baba yako. Mungu aulinde mlango wako na wote wanaolala nyuma yake.

Wiki iliyopita watafiti walikuja mara ya tatu. Majibu yangu yametoka jana: kinga yangu sasa ndiyo ya juu kuliko za wote katika nyumba hii. Daktari alinipa mkono, akanipongeza. Kesho nina zamu ya asubuhi.

Mimi ninayekupenda, ujibu au usijibu,
binamu yako,
Ilonka