Baba Mkwe Amebadili Njia

Jumamosi, Matema. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ziwa limechafuka. Na mimi nimechafuka.

Jana mwenye fremu ninayouzia chakula alinikuta nachambua mchele. Hata kuketi hakuketi. Eti kuanzia mwezi ujao kodi ni mara mbili, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. "Wageni wamejaa ufukweni siku hizi, mama. Halafu fremu yenyewe inavutia."

Inavutia! Nani kaifanya ivutie? Wakati naichukua ilikuwa ghala la mbolea, sakafu vumbi tupu, panya wanatembea mchana kweupe. Sementi nimemwaga mimi. Rangi nimepaka mimi. Mlango wa chuma nilimtengenezesha fundi wa Ipinda, ukaja umelazwa juu ya magunia ya mpunga. Leo jasho langu mwenyewe ndilo linanipandishia kodi. Mungu anisamehe, nilimjibu vibaya.

Na hao wageni wanakula hotelini walikolala. Kwangu wanakula bodaboda, wavuvi, na akina mama wa Kikisi wanaoleta vyungu sokoni. Nikiwapandishia bei ya wali na samaki, abaki nani?

Nilitaka kulia. Sikulia.

Sehemu nyingine iliyopo ni kiwanja cha baba mkwe, njia panda ya sokoni. Lakini mimi nimeolewa Unyakyusani, ambako kwa mila mke haonani na baba mkwe wake. Miaka tisa sijawahi kuongea na yule mzee uso kwa uso. Nikimwona anakuja, naingia migombani mpaka apite. Wengi wameshaacha mambo hayo. Yeye hajaacha, na mimi namheshimu. Sasa kila asubuhi na jioni anapita pale pale na ng'ombe wake. Nitapikaje huku najificha? Mume wangu akasema niweke pazia, akacheka peke yake. Nimemnunia mpaka leo.

Mchana huu kaja mama mkwe na mwavuli wake, kaleta maneno ya mzee kama alivyotumwa: "Mwambie mke wa mwanangu apike pale. Mimi na ng'ombe tutazungukia mtoni. Ila mchana aniletee sahani, na pilipili asiweke."

Njia ya mtoni, kwa mvua hizi, ni tope hadi magotini. Na mzee goti lake moja bovu. Nikasema ndaga fijo, asante sana.

Kwa hiyo Jumatatu nahama. Naondoka na masufuria, mabenchi na mlango wangu wa chuma. Tindo na nyundo nimeshaazima. Sakafu haibebeki, namwachia mwenye fremu aitazame. Kiwanja hakina hata ukuta, sijui mlango nitauegemeza wapi. Nauchukua hivyo hivyo!

Sahani ya kwanza ni ya mzee. Nitaiweka juu ya jiwe kule mtoni anakochungia, halafu nitajibanza nyuma ya mgomba mpaka nihakikishe ameimaliza.