Mbwa wa Supervisor Ameganda

Chebet, niokoe. Yule mbwa wa Kifaransa wa supervisor, niliyeachiwa wikendi hii, ameganda nje ya apartment! Mguu mmoja juu, hata macho hapepesi.

Mimi na unesi wangu wote nikajua ni stroke. Nikaomba maombi kwa group ya kanisa. Ndiyo, ya MBWA!

Kumpigia supervisor mwenyewe, akacheka. "Hao ni mbwa wa kuwinda. Akiona ndege anasimama hivyo kumwonyesha mwindaji. Usimfokee, atavunjika moyo. Ngoja tu ndege aruke."

Ngoja tu, Chebet. Ngoja tu!

Nusu saa sasa. Ndege mwenyewe ni pambo la plastiki kwa balcony ya jirani.

Na Pasta Kigen ndiye huyo anapaki. Ametoka mji wa Mesquite mbio na mafuta ya upako.