Konvata ya Gari la Babako

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
Alhamisi, 9 Machi 1967
(Mfungo Pili, 27)

Mpendwa mwanangu Jamaldin,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute huko Kuwait u mzima wa mwili, na wa akili pia, kama ulibeba yoyote siku ile ulipopanda meli.

Sisi huku twashukuru. Mamako hajambo, ila magoti. Bibi yako Mejumaa, mamake, bado yu kitandani hapa Kibokoni na bado atoa amri kama liwali. Mimi meno yamenihama yote ila mawili, moja la juu kulia na moja la chini kushoto, nayo hayajapata kuonana. Nala uji kwa heshima.

Picha yako tumeipata. Shangazi yako Mwanakuu aliishika mbali, akaivuta karibu, kisha akauliza huyo paka aliyelala juu ya mdomo wako ni wa nani. Nikamwambia ni masharubu. Akasema mwambie amwamshe.

Haya, tuje kwenye konvata.

Umeniandikia kwamba kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu karibu na gereji yenu umeona konvata mbili zinazoingia kwenye gari la marehemu babako, na kwamba Crispus, baharia wetu, atapita hapo mwezi ujao atuletee moja badala ya hii inayovuja. Moja ni ya kawaida, ndugu ya hii tuliyo nayo. Ya pili ni ya gari la mashindano, ambayo injini yazunguka kwanza mara elfu tatu kwa dakika ndipo gari linyanyuke. Wewe wataka hiyo ya pili, ili gari la babako Kamaludin likitoka Tudor watu wageuke. Ukaniomba mimi ami yako nichague.

Mwanakuu alitaka kujua konvata ni mnyama gani. Nikamwekea feni mbili zinatazamana, moja nikaiwasha. Ile isiyo na umeme nayo ikaanza kuzunguka polepole. Nikamwambia ndiyo hiyo, ila badala ya upepo ni mafuta, na feni zote mbili zimefungiwa ndani ya bakuli moja. Ya injini yapuliza, ya magurudumu yapokea.

“Yaani hakuna kilichoshikana na mwenziwe?” akauliza.

“Hakuna.”

“Basi ndipo alipokaa jini,” akasema, akaenda zake jikoni.

Barua yako niliipeleka Tononoka kwa Karisa, yule makanika aliyefanya kazi miaka mingi kwenye magari ya jeshi. Alipofika kwenye hiyo elfu tatu akaweka spana chini. “Mzee Halim,” akaniuliza, “huyo mwanao ataka mamake apelekwe au arushwe?”

Nami naona vivyo hivyo. Gari hili ni la kila siku. Kila asubuhi namtoa mamako Tudor, namleta mpaka mwanzo wa vichochoro vyetu, atembee hatua chache kwenda kumuuguza mamake. Njiani, pale Mwembe Tayari, mikokoteni haimpishi hata maiti. Konvata ya mashindano hapo utasikia kishindo cha ndovu upate mwendo wa konokono. Injini yanguruma, mafuta yachemka ndani ya bakuli, giaboksi yaungua, petroli yaisha, na mamako bado atazama mkokoteni ule ule wa viazi.

Ile ya kawaida nayo ina lake. Hushika mapema mno. Hujagusa akseleta, injini yanguruma tu chinichini, na gari tayari lasukuma. Ukiinua mguu kwenye breki, laondoka.

Hilo la kusukuma ndilo ninalotaka kukuandikia, Jamaldin. Hapo juu nimekuwa nikizungukazunguka, kama ilivyo tabia yangu.

Mwaka juzi uliandikiwa kwamba gari lilijiendea lenyewe likambana babako kwenye geti, na kwamba ni mipango ya Mungu. Mipango ni ya Mungu kweli. Lakini bisibisi ilikuwa yangu.

Wamjua babako. Hakupiga honi getini hata siku moja, kwa ajili ya yule jirani mgonjwa. Wala hakuridhia mamako atoke kumfungulia mbele ya wapita njia. Alishuka mwenyewe. Na gia aliiacha ndani, kwa kuwa pale getini pana kamwinuko, na gari kwa mngurumo wake wa siku zote halikuwa na nguvu ya kukapanda. Miaka sita lilimngoja hapo kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Wiki hiyo injini ilikuwa ikizima kila tukisimama. Babako akalalamika, kwa upole wake. Jumatano asubuhi alinipa gari nimpeleke Mwanakuu kwa mshonaji, na nilipomaliza nikafungua boneti, nikakaza ile parafujo ya kabureta inayopandisha mngurumo. Robo tatu ya mzunguko, si zaidi. Injini ikaimba. Haikuzima tena. Nikamrudishia gari lake, nikanyamaza.

Nilinyamaza makusudi. Nilitaka aendeshe kutwa, aone mwenyewe kwamba haizimi, ashangae, aniulize kumetokea nini, nami nijitie sijui. Nilikuwa nimeshapanga mpaka uso nitakaofanya. Ndiyo maana baada ya Laasiri nilikuwa barazani kwake Tudor, namngoja arudi, kikombe cha kahawa mkononi.

Akafika, akashuka, akanipungia mkono. Akanigeuzia mgongo kushika komeo. Gari likakapanda kale kamwinuko, taratibu kabisa, bila kelele, kama mtu aliyeitwa. Nilikuwa mbali nalo hatua kumi na tano. Nimeshazihesabu mara nyingi.

Yaliyobaki wayajua.

Usiyoyajua ni haya. Wiki nzima baada ya maziko kila aliyejaribu kulisogeza gari lile alikimbia, kwa kuwa lilikuwa lasukuma kuliko zamani. Mwanakuu akasema lina jini. Akaja sheikh mmoja wa ng'ambo, akaandika kombe, aya za kunywewa, kwa zafarani, likaoshwa kwa marashi. Kwa kuwa gari halina kinywa, wakalimimina kwenye radieta. Nilisimama hapo nikasema huyu ni jini wa kwanza Mombasa kunyweshwa kombe bila bilauri. Watu wakacheka, msibani. Nami nikacheka.

Siku ya saba, watu wakiwa kwenye kisomo ndani, nikatoka uani na bisibisi, nikairudisha parafujo ilipokuwa. Siku ya nane gari likatulia. Sheikh akasifiwa mji mzima, na mpaka leo hupelekewa magari.

Mwanangu, tangu hapo mimi ndiye dereva wa gari lile. Hakuna aliyenilazimisha. Kila nikisimama nyuma ya mkokoteni, mguu juu ya breki, nalisikia. Si kwa nguvu. Ni kama mtu anavyokugusa bega msikitini akitaka umpishe kwenye safu. Nageuka, kiti ni kitupu. Mamako yuko nyuma na buibui lake, atazama dirishani. Nikifika Tudor nazima injini kabisa kabla ya kushuka, funguo natia mfukoni, kisha naweka jiwe mbele ya gurudumu. Nikiwa nimeshika komeo, injini imezimwa, jiwe liko mahali pake, bado mgongo wangu wangoja. Jua lawaka, majirani waanika nguo.

Mwanakuu aliniuliza juzi kwa nini sipigi utani nikiwa ndani ya gari lile. Sikujua kwamba watu wameona.

Barua yako ilipofika nikaona siwezi kukuchagulia konvata kama mtu asiye na hatia. Wala sikuweza kukuandikia wewe kabla ya mamako. Basi juzi, Jumanne, tulipokuwa tumetoka Tudor, nikamwambia yote. Nilizungumza nikitazama mbele. Tukafika Mwembe Tayari, mkokoteni ukatuzuia.

“Jamaldin ajua?” akauliza.

“La.”

“Mwandikie, shemegi. Usimwandikie vichekesho.”

Nimejaribu. Vichache vimepenya.

Tulipofika, alishuka, akafunga mlango, akasimama kando ya dirisha langu. Nikamuuliza kama kesho nije au atafute mtu mwingine wa kumwendesha. Akatazama usukani. Akasema, “Mama anywa dawa yake saa tatu. Usichelewe.” Akaingia kichochoroni. Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kumuuliza. Jana nilifika Tudor saa moja na nusu, nikakaa nje.

Sasa uchaguzi wangu, uliotaka. Usilete ile ya mashindano, na usilete ile ya kawaida. Rudi kwenye uwanja huo utafute ya tatu, ambayo bakuli lake ni jembamba kuliko letu kwa upana wa kidole au viwili. Karisa asema hiyo hushika baadaye kidogo, kwenye elfu mbili hivi. Injini itaweza kunguruma vizuri bila kuzima, na gari lisiwe na haraka ya kuondoka. Mafuta yatapata moto zaidi kuliko sasa, basi leta na kiradieta kidogo cha kuyapoza, tukifunge mbele. Petroli itazidi kidogo, tutavumilia. Halitaruka, na watu hawatageuka. Litasimama likiambiwa lisimame, litasukuma kidogo tu. Hilo lililobaki si kazi ya konvata, ni kazi ya mtu kutoa gia kabla ya kushuka, na hata bibi yako Mejumaa aweza kufundishwa.

Jambo moja tu ninalokuomba. Kifurushi utakiandika jina. Ukikiandika langu, nitakifunga mimi na Karisa, na kila parafujo nitakayoigusa nitamwambia mamako kabla hajaingia garini. Ukiona mkono wangu usiliguse tena gari la babako, kiandike jina la Karisa, Tononoka. Yeye ana dereva mwenye adabu na meno kamili. Nitampa funguo siku hiyo hiyo, na sitakuuliza kitu, si kwa barua wala siku utakayorudi.

Meli ikitia nanga nitakwenda bandarini mwenyewe kumpokea Crispus, nikisome kifurushi hapo hapo kabla hajakishusha begani.

Mamako Sheikha akusalimu, asema ule vizuri. Bibi yako Mejumaa akusalimu na akuamuru uoe. Shangazi yako Mwanakuu akusalimu wewe na paka wako. Karisa naye akusalimu. Wasalimie vijana wa kwetu mlio nao huko, na uwaombe wamsomee babako Fatiha.

Mola akulinde kwenye vyuma na moto wa kazi yako, akurudishe kwa mamako magoti yake yakiwa bado yaweza kukuinukia.

Ni mimi ami yako, nikupendaye leo na hata baada ya jibu lako,

Abdulhalim