Jiko la Baba Limepoa

Chingeltei,
Ulaanbaatar.
16 Januari.

Mpendwa mdogo wangu Dashnyam,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Korea? Mgongo je, kiwanda hakijaumaliza? Sisi wazima, na safari hii naliandika neno hilo bila kujikaza, maana hata Anand wangu hakohoi. Mwaka jana nililala naye hospitali karibu majira yote ya baridi kwa huu moshi wa makaa.

Tumefunga pampu ya joto! Ni sanduku lenye feni, liko nje ukutani, linachota joto kwenye hewa hii hii inayogandisha kope na kulileta ndani. Mama alimcheka fundi Gombosuren waziwazi: "Mwanangu, kungekuwa na joto huko nje, pua yako isingekuwa nyekundu hivyo."

Lakini alikuwa na lake moyoni. Jiko la Baba ni urithi wako wewe kitinda mimba, na Mama aliapa moto wake hautazimika hadi urudi. Basi pampu ikawaka, jiko nalo likawaka, na mwanangu akaendelea kukohoa. Nililia, Dashnyam. Nilimkasirikia Mama, nikakukasirikia na wewe.

Asubuhi moja pampu ikanyamaza. Fundi akakuta barafu nyeupe imeziba feni. Maziwa! Kumbe kila alfajiri Mama alikuwa akiirushia upawa wa kwanza wa chai ya maziwa, sadaka ile ile anayoulisha moto wa jiko.

"Mama, utaiua!" nikamwambia.

"Mgeni ananipa joto, nimnyime chai?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye theluji. Fundi akaiyeyusha barafu, ikaanza tena kuvuma taratibu, na siku za baridi kali kuliko zote tumekaa ndani na shati tu. Naivulia kofia mashine ile, tena kwa baridi hii!

Wiki iliyopita, kwa ajili ya kifua cha Anand, Mama aliacha kutia makaa. Hakuumwagia moto maji, aliuacha ufe wenyewe, akakaa nao hadi mwisho. Usiku ule Anand alilala hadi asubuhi bila kukohoa. Majivu Mama ameyatia kwenye bakuli la fedha la Baba. Nikamuuliza ya nini.

"Ya mwenyewe. Akija nitamkabidhi."

Msalimie wifi yangu Khulan. Anand anakubusu, na Mbingu iwakinge nyote na mabaya.

Bakuli liko pale pale moto ulipokuwa. Mama analipangusa kila asubuhi, kisha anatazama mlango. Njoo, mdogo wangu.

Dada yako akupendaye daima,
Narmandakh